Tumbaku ya kugandamizwa ianikwe kwanza, kiberiti baadaye

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wenzako wote hapo chumba cha habari. Nimeisoma makala yenu ya juzi kuhusu wavuta kiko, imeandikwa vizuri na picha zimetulia, ila mwandishi alipofika kwenye tumbaku ya kugandamizwa, ile inayotoka kwenye mkebe ikiwa vipande bapa vimepangana au pande moja gumu, pale kateleza. Anasema fungua mkebe, kunja kipande, shindilia kwenye kiko, washa, na ukiona ulimi unaungua basi ujue hiyo tumbaku ni kali mno kwako, tafuta nyingine. Jamani! Tumbaku ya watu imesingiziwa. Kinachounguza ulimi pale mara nyingi wala si ukali wa jani, ni maji yaliyomo ndani yake, na hayo maji yanatakiwa kupunguzwa kabla kiberiti hakijaguswa.

Niseme mapema ili tusije tukagombana na wasomaji wengine: siandiki kumshawishi mtu aanze kuvuta. Asiyevuta abaki hivyohivyo, hajakosa kitu. Kiko hakina usalama wowote wa siri eti kwa vile moshi haumezwi, saratani ya mdomo na ya koo na ya mapafu ipo palepale, na nikotini inamshika mtu taratibu mpaka anashangaa. Naandika kwa yule ambaye kiko kiko mkononi tayari na amenunua huo mkebe na sasa anaulaumu bure.

Kwanza tuijue hii tumbaku yenyewe maana usipoijua utabaki kubahatisha tu. Majani yanapangwa tabaka juu ya tabaka yakiwa na unyevu, yanabanwa kwenye mashine, mara nyingi na joto au mvuke juu yake, yanaachwa humo saa kadhaa au siku kadhaa au zaidi kutegemea na mtengenezaji. Humo ndani sukari na mafuta ya majani yanahamahama kutoka jani hili kwenda lile, rangi inakolea kutoka manjano kwenda kahawia mpaka nyeusi, na ladha zilizokuwa zinavutana zinakubaliana. Kinachotoka ni pande gumu, mimi naliita mche. Likiuzwa hivyohivyo unalikata mwenyewe kwa kisu, likikatwa vipande vyembamba vya kama milimita 1 au 2 hizo ndo fleki, na fleki zikichambuliwa hukohuko kiwandani unauziwa tayari nyuzinyuzi, kazi yako inakuwa ndogo. Halafu kuna msokoto, majani yamesokotwa kamba nene na kukazwa, unakata vidonge vidonge.

Na hii kazi ina historia bwana. Mabaharia wa Jeshi la Majini la Uingereza zamani walikuwa wanapewa majani, wanayarashia ramu, wanayafunga kwenye turubai na kuyakaza kwa kamba mpaka yanakuwa gogo, kisha wanakata kidogo kidogo baharini. Mji wa Kendal kaskazini mwa Uingereza jina lake limeshikana na misokoto na fleki toka enzi na enzi. Na kule Saint James, Louisiana, nchini Marekani, jani la Perique linabanwa ndani ya mapipa ya mbao kwa jeki za skrubu, linatolewa lipate hewa, linarudishwa, linabanwa tena, mwaka mzima au zaidi, mpaka linachacha kwa maji yake lenyewe. Sasa mtu kakaa mwaka anagandamiza halafu wewe unampa dakika mbili, hivi ni haki kweli?

Turudi kwenye maji. Mkebe unafungwa tumbaku ikiwa na unyevu na hilo ni kusudi wala si uzembe wa kiwanda, kwa sababu jani kavu likipitishwa kwenye kisu linasagika unga, na pia unyevu unatunza harufu na unaiacha tumbaku iendelee kuiva humo ndani ya mkebe, hasa jani la Virginia ambalo lina sukari nyingi. Kwa hiyo hali inayofaa kukatia na kuhifadhi si hali inayofaa kuvutia. Ni hali mbili tofauti, na mwandishi wenu kazichanganya. Ukiwasha tumbaku ikiwa mbichi namna ile, sehemu kubwa ya moto wako inaishia kuchemsha maji, mvuke unapanda na moshi, na mvuke ndo unaobeba joto mpaka kwenye ulimi. Moto unazima, unawasha tena, unavuta kwa nguvu ili usizime, kwa kuvuta kwa nguvu joto linapanda, mvuke unaongezeka, chini ya kiko maji yanajikusanya yanaanza kukoroma kwenye mrija, na mwisho unapata kijiko cha tope jeusi chungu limebaki kwenye tundu. Mtu akipitia hayo lazima aseme tumbaku kali. Nami ningesema.

Sasa unakaushaje. Toa kiasi cha kiko kimoja tu, usianike mkebe mzima, weka juu ya karatasi safi isiyo na wino, mahali penye hewa pasipo na jua la moja kwa moja. Muda siwezi kukupangia kwa sababu unategemea hali ya hewa ya siku hiyo na unene wa kipande, kuna siku dakika 20 zinatosha na kuna siku za unyevu unaiacha saa mbili tatu na bado. Nawaona watu wanaitia kwenye maikrowevu au wanaiweka juu ya jiko, inakauka ndiyo, ila joto linakimbiza harufu ambayo ndo uliyoilipia, mimi sishauri labda uwe na haraka ya kufa mtu. Na ukianika angalia watoto na wanyama wa nyumbani, nikotini ikimezwa na mtoto ni sumu, si jambo la kusema ataonja tu atatema, weka juu kabisa wasipofika.

Saa si kipimo, kipimo ni vidole. Chukua kipande cha fleki ukikunje taratibu: kikikunjika bila kulalamika na kubaki kimekunjika, bado kibichi. Kikianza kupasuka kwenye mkunjo nyuzi zinachomoza pembeni lakini hakijavunjika, uko karibu. Kikikatika tak, umepitiliza. Kwa tumbaku iliyochambuliwa ibane kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada halafu achia. Ikibaki bonge, bado. Ikijifungua polepole yenyewe, hapo hapo, hiyo ndo hali yake. Ikilia kama majani makavu, imekuwa kavu mno, itaungua haraka, itakuwa na moto mwingi na ladha kiduchu. Angalizo moja tu, kuna watengenezaji wanatia propilini glaikoli ili tumbaku isikauke dukani, hiyo haipai upesi kama maji, kwa hiyo utaianika kutwa nzima na vidole bado vinakwambia ina unyevu. Tumbaku ya namna hiyo usiisubiri mpaka ikauke kabisa, wala haitakauka, ikipungua kidogo ivute taratibu.

Kuna ubishi wa siku nyingi, uchambue kwanza ndo uanike au uanike kwanza ndo uchambue. Msimamo wangu ni uchambue kwanza. Jani likiwa bado lina unyevu linaachana nyuzi nyuzi ndefu bila kuvunjika, ukisubiri likauke ndo ulisugue unapata chenga na vumbi, na vumbi likishuka chini linaziba njia ya hewa, unavuta unaona mashavu yanaingia ndani na moshi hautoki. Halafu likishachambuliwa hewa inaingia kila upande na linakauka mapema zaidi. Kwa hiyo faida mbili kwa kazi moja. Namna ya kuchambua: weka fleki kwenye kiganja, isugue kwa kiganja kingine kwa mzunguko bila kukandamiza, utaona tabaka zinaachana moja moja, yale mabonge sugu yachambue kwa ncha za vidole. Huna haja ya kufikisha kila uzi kwenye unyuzi, mi mwenyewe naipenda ikiwa nusu kwa nusu, nyuzi zimechanganyika na vibonge vidogo, kwa sababu zile nyuzi zinashika moto na vile vibonge vinaushikilia usikimbie.

Hapo ndo penyewe, Mhariri, maana kiwango unachochambua ndo kiwango cha kasi ya moto. Ukichambua mpaka mwisho inawaka kirahisi lakini inaisha upesi na joto liko juu kidogo. Usipochambua kabisa inawaka kwa shida lakini ikishashika inaenda taratibu na ladha inakuwa nzito. Ile ya kukunja aliyoiandika mwandishi wenu ipo kweli na wazee wengi wa kiko wanaipenda, sijaikataa, ila ina masharti yake: fleki lazima iwe imekauka kuliko unavyodhani, maana ikiwa imekunjwa hewa haifiki katikati, unaikunja kwa urefu, unaikunja tena kwa upana, unaisokota kidogo ili tabaka ziachie, kisha unaisukumia ndani nyuzi zikielekea juu na chini wala zisilale kwa upana, na juu yake unanyunyiza chenga chache zilizochambuliwa ziwe kishika moto. Tena inataka kiko chenye tundu pana kidogo. Tumbaku hii moto ukiipata inavimba, ukiijaza kwenye kitundu chembamba ikavimba humo, umeshajifungia mlango mwenyewe. Kwa anayeanza na fleki, hiyo siyo ya kuanzia. Achambue.

Njia nyingine ambayo makala haikuitaja kabisa ni ya kukata vijipande vya pembe nne. Unachukua fleki mbili tatu, unazipanga, unazikata kwa kisu kwa urefu halafu kwa upana mpaka zinakuwa vidogo vidogo sana, unavianika, kisha unavimimina tu ndani ya kiko, unagonga ubavu wa kiko kidogo vikae vyenyewe, husindiki hushindilii. Inachosha kukata lakini inavuta vizuri sana, moto unatembea kutoka kijipande hadi kijipande.

Mche unahitaji kisu kikali, na ninaposema kikali namaanisha kikali, kisu butu kinaubomoa mche badala ya kuukata na pia ndo kinachokata watu vidole kwa sababu unalazimisha. Weka juu ya ubao, kata vipande vyembamba kadiri unavyoweza, ukate ukiwa bado na unyevu wake, kausha baadaye. Msokoto nao hivyohivyo, vidonge vyembamba kwanza, kisha unavichambua. Ila hapa nisikilizeni: misokoto mingi imetengenezwa kwa majani meusi yaliyokaushwa kwa moshi wa kuni na nikotini yake iko juu. Jaza kiko kidogo, au nusu kiko, uwe umeshakula, na uketi. Ukianza kuona jasho la baridi, kizunguzungu, mate yanajaa na tumbo linataka kurudisha, weka kiko chini, hiyo ni nikotini imekuzidi, kunywa maji, pumzika, usijifanye shujaa wa kumalizia. Na usimeze moshi ukadhani ndo utapata ladha, kiko kinavutiwa mdomoni, nikotini inapita kwenye ngozi ya ndani ya mashavu bila hata kufika kifuani.

Kwenye kujaza, kuna ule msemo maarufu wa wavuta kiko, jaza mara ya kwanza kwa mkono wa mtoto, ya pili kwa mkono wa mwanamke, ya tatu kwa mkono wa mwanaume. Makala imeunukuu bila maelezo. Msemo huo unaifaa tumbaku nyepesi iliyokatwa nyuzi, hii ya kugandamizwa tayari imeshabanwa kiwandani, ukiibana tena kwa mkono wa mwanaume umeua hewa. Kwa fleki iliyochambuliwa acha iangukie ndani, juu kabisa ndo uweke kidole kidogo tu, na uache nafasi kidogo kwenye mdomo wa kiko kwa sababu itainuka. Kabla hujawasha vuta hewa tupu. Ukisikia kizuizi kidogo sana, sawa. Ukivuta mpaka masikio yanazibuka, mwaga uanze upya, ukikomaa nayo hivyo utateseka mpaka mwisho.

Moto nitaupitia haraka maana hapo mwandishi wenu kaeleza vizuri. Njiti ya kiberiti, ukiiacha kwanza ile baruti ya kichwani iungue, au laita ya gesi, ile ya mafuta inaacha harufu. Zungusha moto juu ya uso wote huku unavuta kwa mapigo mafupi, tumbaku itainuka na kujikunja, hiyo ni kuwasha kwa uongo, iache izime, igandamize kwa wepesi kwa kishindilio mpaka uso uwe tambarare, washa tena, hapo sasa ndo kweli. Ikizima katikati usione aibu, tumbaku hii inazimika na inawashwa tena, hakuna aliyetoa tuzo kwa kiko kisichozimika. Afadhali uwashe mara nne ukiwa unavuta taratibu kuliko kupuliza kama treni ili isizime. Kikianza kukoroma pitisha kijiti chenye pamba kwenye mrija, kiende mpaka chini, kikirudi kimelowa endelea. Ukiona kila siku kinakoroma, mara nyingi tatizo haliko kwenye kiko, rudi kwenye karatasi uanike muda mrefu zaidi.

Mwisho kuna lile la kisanduku cha vidokezo pembeni ya makala, na hili ndo lililonifanya nichukue simu niandike. Imeandikwa kwamba tumbaku ikikauka sana tia kipande cha tofaa au cha kiazi ndani ya mkebe. Wengi wanafanya, najua, lakini kipande cha tunda kilichofungiwa gizani pamoja na jani lenye sukari ni mwaliko wa kuvu. Kama imekauka, ibwage kwenye bakuli, funika kwa kitambaa safi kilichoshikwa na maji kidogo bila kuigusa tumbaku, angalia kila baada ya saa moja au mbili uigeuze, itarudi, sehemu ya harufu tu ndo haitarudi. Na kwa mkebe ulioufungua ambao hutaumaliza karibuni, hamishia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha mpira, ifunge, iweke mbali na mwanga, basi.

Na kwa waliokwisha kutia hayo matofaa, fungueni muangalie leo. Kwenye fleki zilizokaa muda mrefu unaweza kukuta vidoa vyeupe, usikimbilie kutupa na usikimbilie kuvuta. Zipeleke kwenye mwanga. Vikiwa ni vichembe vigumu vinavyometameta, vimelala bapa juu ya jani na harufu ni ile ile ya tumbaku, hizo ni fuwele zinazojitengeneza tumbaku inapozeeka, hazina neno. Vikiwa na manyoya manyoya, vimetanda kama utando au vina rangi ya kijani au kijivu, na ukifungua mkebe pua inakutana na harufu ya chumba kilichofungwa, hiyo ni kuvu. Usikate kile kipande kibovu ukabakiza kingine, tupa mkebe wote, na chupa uioshe kwa maji ya moto kabla ya kuweka kitu kingine. Naomba kisanduku kile kirekebishwe kwenye toleo lijalo.

Wenu,
Msomaji mvuta kiko